Ngiri ya Watoto: Maneno kwa Mababu

(Mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa chakula wa shule, siku ya pili ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu mliostaafu, wanafunzi wenzangu wa zamani, kina mama mliokubali kufuatana nasi mpaka huku, na ninyi vijana wa kidato cha tano na cha sita mlioruhusiwa kukaa nyuma:

Kamati iliponiandikia kuniomba nizungumze, ilinipa uhuru wa kuchagua jambo lolote la udaktari, mradi nisizidi nusu saa na nisiwakoseshe watu hamu ya chakula. Sharti la kwanza nitajitahidi kulitimiza. Nimechagua ngiri ya watoto wachanga na watoto wadogo. Jana usiku wapo walioshangaa nilipowadokeza. Walitazamia nizungumze juu ya shinikizo la damu au kisukari, maradhi ya umri wetu. Lakini nimepiga hesabu humu ukumbini, na naona wengi wetu sasa ni mababu. Katika kazi yangu ya upasuaji nimejifunza kwamba mtoto akiwa na ngiri, anayeiona kwanza ni mama yake, lakini anayeamua apelekwe hospitali lini, mara nyingi ni baba yake, au babu yake. Kwa hiyo usiku huu nazungumza na wenye uamuzi.

Tuanze na jina, maana jina lenyewe limetuletea taabu. Ngiri, kama mlivyofundishwa humu humu shuleni, ni mnyama wa porini mwenye meno yaliyochomoza na mkia anaousimamisha akikimbia. Ugonjwa wetu hauna uhusiano wowote naye. Ila mitaani neno hili limegeuzwa kuwa gunia la kutilia kila lalamiko la mwanamume: kiuno kikiuma ni ngiri, mkojo ukisita ni ngiri, nguvu zikipungua ni ngiri, na mabango ya waganga yamejaa neno hilo kila kituo cha basi. Huko pwani wazee husema mtoto ana mshipa, na mshipa huo huo ndio wa damu, na tena ndio busha. Mama anapomweleza mganga au muuguzi kwamba mtoto wake ana mshipa, kila msikilizaji hufahamu lake. Basi mimi nikisema ngiri hapa, nataka mfahamu jambo moja tu: sehemu ya vitu vilivyomo tumboni, aghalabu utumbo, imepenya katika tundu na kufanya uvimbe chini ya ngozi.

Kwa watoto ziko aina mbili zinazotuhusu: ya kitovu na ya kinena. Na jambo la ajabu ni kwamba watu wamezigeuza. Ile isiyo na madhara makubwa ndiyo inayowakosesha usingizi, na ile ya hatari ndiyo wanayoambiana waingoje.

Ngiri ya kitovu mmeiona nyote. Kitovu cha mtoto kikianguka, pete ya nyama iliyokuwa njia ya mishipa ya kondo hupaswa kujifunga. Kwa watoto wengine huchelewa, na hasa kwa watoto wenye asili ya Kiafrika na kwa waliozaliwa kabla ya wakati. Mtoto akilia, kitovu huchomoza kama ndimu, akilala, hurudi, ukikibonyeza taratibu husikia utumbo ukiguguma na kuingia ndani. Sehemu kubwa ya ngiri hizi hujifunga zenyewe kabla mtoto hajatimiza miaka minne au mitano. Kubanwa kwake ni nadra, ingawa hutokea, na dalili zake nitazitaja baadaye kidogo. Kwa hiyo, mtoto wa mwaka mmoja mwenye kitovu kikubwa, anayekula, anayecheza na kupata choo, daktari atawaambia mngoje, na hapo daktari yuko sawa. Tundu likiwa pana sana, au likibakia wazi baada ya umri huo, ndipo hufungwa kwa upasuaji.

Lakini nani anangoja? Bibi huleta sarafu, akaifunga kwa kitambaa juu ya kitovu, akakaza. Jambo hili limefanywa nchi nyingi, Ulaya nako, kwa hiyo tusidhani ni ujinga wetu peke yetu. Sarafu haifungi tundu. Tundu linajifunga lenyewe, na sarafu inapata sifa. Wakati huo huo ngozi iliyo chini yake inalowa jasho na kuchubuka. Mimi nimemwona mtoto mwenye kidonda cha mviringo kamili, kana kwamba kimechorwa kwa bikari. Na jambo jingine: mkunga alaumiwe kwa mengine, lakini si kwa hili. Namna alivyokata kitovu, karibu au mbali, haileti ngiri.

Sasa nije kwenye kinena, ambapo nitakaa zaidi.

Korodani za mtoto wa kiume hazianzii pale tunapozijua. Hufanyika ndani ya tumbo, juu, karibu na mafigo, na kati ya mwezi wa saba na wa tisa wa mimba huteremka kupitia mfereji mwembamba ulioko kwenye kinena mpaka zifike kwenye mfuko wake. Zinapoteremka hufuatana na ulimi wa ule utando laini unaolizunguka tumbo kwa ndani, nao huwa kama mfuko mrefu mwembamba. Safari hii ilielezwa vizuri na John Hunter, mpasuaji wa London, katika maandiko yake ya mwaka 1762. Korodani zikishafika, mfuko ule unapaswa kuziba. Ukiziba, mambo yamekwisha. Usipoziba, kuna njia wazi kutoka tumboni hadi chini. Njia ikiwa nyembamba sana, maji ya tumboni tu ndiyo hupita, na hiyo ni ngirimaji. Ikiwa pana kidogo, utumbo unapita, na hiyo ni ngiri ya kinena.

Kwa kuwa korodani ya kulia huchelewa kuteremka, na njia yake huchelewa kuziba, ngiri nyingi huwa upande wa kulia: katika kila kumi, kama sita ni kulia, tatu kushoto, na moja pande zote mbili. Wavulana huipata mara kadhaa zaidi kuliko wasichana. Katika watoto mia waliozaliwa kwa wakati wake, ni kati ya mmoja na watano. Kwa watoto njiti idadi inapanda sana. Angalieni basi kwamba mtoto anazaliwa na njia hiyo. Haikuletwa na kulia sana, wala kubebwa mgongoni, wala mama kunyanyua ndoo ya maji akiwa mjamzito, wala jirani. Kilio kinaisukuma nje tu ionekane.

Mara nyingi mama huiona akimwogesha mtoto. Mtoto analia, kinena kinavimba ukubwa wa kidole gumba, labda uvimbe unashuka mpaka kwenye mfuko wa korodani. Akimnyonyesha na kumtuliza, uvimbe umetoweka. Akifika kituoni baada ya saa tatu za foleni, mtoto amelala fofofo na hakuna cha kuona. Nawaambia wanafunzi wangu: mwamini mama. Maneno ya mama kwamba kuna uvimbe unakuja na kuondoka yana uzito kuliko vidole vya daktari aliyefika wakati ngiri imelala. Na simu hizi ambazo wazee tunazilaumu kwa kuharibu vijana, hapa zina faida: mama apige picha uvimbe ukiwa umetoka, aje nayo. Picha moja kama hiyo huokoa safari mbili.

Kwa mtoto wa kike, uvimbe unaweza kuwa mdogo kama harage, haumsumbui, na ukiubonyeza hauingii. Msiubonyeze. Mara nyingine kilichomo si utumbo bali ni ovari, yaani kifuko chake cha mayai, na ikipondwa au kujisokota imepotea.

Ngirimaji huhitaji neno lake. Kwa desturi tunaimulika kwa tochi, ndani ya chumba chenye giza, na maji huangaza mekundu kama taa ya chemli yenye kioo cha rangi. (Mnaocheka huko mbele, najua mnakumbuka tochi zilikuwa za kazi gani hapa bwenini baada ya kengele ya kulala.) Lakini tochi si hakimu. Utumbo wa mtoto mchanga ni mwembamba, nao pia hupitisha mwanga; kwa hiyo mtu asijihukumie nyumbani. Ngirimaji ya mtoto mchanga kwa kawaida hukauka yenyewe mwaka wa kwanza au wa pili, na kuitoboa kwa sindano ni hatari na ni kazi bure. Tena si lile busha la watu wazima wa pwani, ambalo mara nyingi hutokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Jina moja, chanzo mbali mbali.

Ngiri ya kinena, tofauti na hizo mbili, haikauki wala haijifungi. Na hatari yake ni kubanwa. Kitanzi cha utumbo kinaingia kwenye mlango mwembamba, kinashindwa kurudi, kinavimba. Kadiri kinavyovimba ndivyo mlango unavyokibana. Damu inashindwa kutoka, kisha inashindwa kuingia. Na baada ya saa kadhaa utumbo unaanza kufa. Mshipa unaolisha korodani unapita katika mfereji huo huo, nao unabanwa pamoja. Sasa sikilizeni: hatari hii ni kubwa kupita zote katika mwaka wa kwanza wa maisha, na hasa miezi ya mwanzo. Kwa hiyo ule usemi wa "bado mdogo mno, tungoje akue" umekaa kichwa chini miguu juu. Udogo wake ndio sababu ya kuharakisha.

Nitawasimulia mmoja, bila jina wala mahali. Alikuwa mtoto wa wiki kumi, mvulana wa kwanza baada ya dada wanne. Mama yake aliuona uvimbe tangu wiki ya tatu, akaenda mahali anapotibiwa, akaambiwa arudi mtoto akifika miaka miwili. Nyumbani babu, mtu aliyesoma kama sisi, wa rika letu hasa, alikubaliana na shauri hilo, na kwa kuongezea akamwita mzee mmoja hodari wa kuchua kwa mafuta. Mwezi mzima mambo yalikuwa shwari. Kisha usiku mmoja uvimbe haukurudi. Wakachua. Asubuhi mtoto akakataa ziwa, wakachua tena. Alipofika kwetu ilikuwa siku ya tatu, anatapika rangi ya nyongo, tumbo limejaa kama ngoma, na ngozi ya kinena imekuwa nyekundu na kung'aa.

Tulimtia maji na dawa, tukamfungua usiku ule. Kipande cha utumbo chenye urefu wa shibiri kilikuwa cheusi. Tulikikata na kuunga ncha mbili. Korodani ya upande huo ilikuwa imekufa, tukaitoa. Alikaa wodini siku kumi na tisa, na mara mbili tulidhani anatuponyoka. Alipona, sasa yuko shule ya msingi na nasikia ni mlinda mlango. Lakini siku ile ya kwanza babu yake alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kofia mikononi, nilipotoka kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Daktari, mimi nasoma gazeti kila siku. Mbona jambo hili sijapata kulisikia?" Sikuwa na jibu la kumridhisha, na ndiyo sababu Kamati iliponiandikia sikuchagua shinikizo la damu.

Dalili za kubanwa ni hizi. Uvimbe uliokuwa ukirudi haurudi. Umekuwa mgumu, na mtoto hulia ukiguswa. Anakataa ziwa, anatapika. Matapishi yakiwa ya kijani, jambo limekwenda mbali. Tumbo linajaa, choo na hewa havitoki. Msingoje zote zitimie. Uvimbe mgumu usiorudi na mtoto anayelia bila kutulizika vinatosha kuamsha dereva saa nane za usiku. Msimlishe chochote, msimchue, msimpe dawa ya chango, na kama mna hiari ya njia, piteni ile inayokwenda kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji. Huko daktari atamtuliza mtoto kwa dawa, atainua makalio yake, kisha ataurudisha utumbo kwa vidole, kwa upole na subira. Walio wengi, wakiletwa mapema, hurudi hivyo. Baadaye mtoto anabaki hospitali, uvimbe unapungua siku moja au mbili, ndipo anapasuliwa, maana akirudishwa nyumbani na njia ikiwa wazi, itabanwa tena. Usiporudi, anapasuliwa saa ile ile.

Upasuaji wenyewe, ukipangwa kwa wakati, ni mdogo. Mkato wa kama sentimita mbili kwenye mkunjo wa ngozi ya kinena. Mfuko ule wa utando unatafutwa, unatenganishwa na mshipa wa korodani na mrija wa mbegu, unafungwa kwa uzi juu kabisa, unakatwa. Hatuweki wavu kama tufanyavyo kwa watu wazima, kwa sababu nyama za mtoto si dhaifu. Kosa lilikuwa mlango uliosahau kufungwa. Mwaka 1950 Willis Potts na wenzake wa Chicago waliandika kwamba kwa mtoto inatosha kuufunga mfuko ule bila kushona-shona nyama, na mpaka leo ndiyo njia. Siku hizi hospitali zenye vifaa hufanya pia kwa kamera kupitia vitundu vidogo, lakini shabaha ni ile ile. Mtoto mwenye afya mara nyingi hurudi nyumbani jioni, na kesho yake ni kazi kumzuia asikimbie.

Mkitaka kujua tumetoka wapi, mwaka 1735 mpasuaji Claudius Amyand wa London alimpasua mvulana wa miaka 11 mwenye ngiri, akakuta ndani yake kidole tumbo kilichotobolewa na pini aliyokuwa ameimeza. Akakikata. Ndio mkato wa kwanza wa kidole tumbo unaojulikana katika maandishi. Mvulana alipona, lakini kumbukeni kwamba dawa ya usingizi ya etha haikuonyeshwa hadharani mpaka mwaka 1846. Mtoto yule alikuwa macho.

Najua hofu zenu mbili. Ya kwanza ni usingizi: ataamka? Kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati na mwenye afya, mikononi mwa mtu aliyefundishwa kuwalaza watoto, hatari ni ndogo, na ni ndogo mno kuliko ya kumlaza usiku wa manane akiwa amekauka maji na utumbo umeoza. Watoto njiti ndio wa kuangaliwa zaidi, maana wanaweza kusahau kupumua saa kadhaa baada ya dawa. Hao hubaki hospitali usiku kucha. Kwao hata wakati wa kupasua umejadiliwa sana. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani: njiti waliopasuliwa kabla ya kutoka hospitali walipata matatizo makubwa 28 katika kila 100, na waliongojewa kukua kidogo, chini ya uangalizi, 18 katika kila 100. Basi njiti aweza kungojewa, lakini aliyeamua kungoja ni daktari anayemfuatilia, na mama amefundishwa dalili nilizozitaja. Kungoja kwa namna hiyo na kungoja kwa kuchua ni vitu viwili.

Hofu ya pili mnaisema kwa sauti ya chini: atazaa? Nawajibu kwa sauti ya kawaida. Mrija wa mbegu wa mtoto ni mwembamba kama uzi wa kushonea, kwa hiyo mtafuteni mpasuaji aliyezoea watoto wachanga. Hawajawa wengi, ingawa wanafundishwa humu humu Afrika Mashariki, na Muhimbili ina wapasuaji wa watoto. Lakini katika mikono iliyozoea, upasuaji huu haumzuii mtu kuwa baba. Ngiri iliyobanwa ndiyo inayoua korodani.

Mambo mawili madogo, nimalize. La kwanza ni njaa kabla ya upasuaji. Uji na maziwa ya ng'ombe vikome saa sita kabla, ziwa la mama saa nne. Nimeahirisha kazi nyingi kwa sababu bibi alimwonea huruma mjukuu akampa uji alfajiri nyuma ya mlango. Bibi anapendwa, lakini kazi ya kumwangalia mtoto asubuhi hiyo apewe mtu mwenye moyo mgumu zaidi.

La pili ni fedha. Upasuaji uliopangwa ni nafuu kuliko wa dharura mara nyingi, na asiye na uwezo aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hajakata tamaa. Na sisi wenyewe tutazamane. Tunaunda kamati za harusi za watu thelathini, zinakutana kila Jumamosi miezi mitatu, na mtu asipochanga anatafutwa mpaka kazini. Mwezi uliopita mzazi mmoja aliniomba nimwahirishie mtoto wake wa miezi mitano mpaka baada ya send-off ya shemeji, kwa kuwa michango yote imekwenda huko. Tulimpasua wiki ile ile. Harusi sikuisikia iliishaje.

Kesho kabla ya mechi ya wazee na vijana nitakuwa katika zahanati ya shule kuanzia saa mbili asubuhi. Mwenye mjukuu wa kuangaliwa amlete, na kama mjukuu yuko mbali, aje na picha. Ndugu Mwenyekiti, naona mpishi ameshasimama mlangoni. Kama kuna swali moja au mawili, niko tayari.